Berlin Yaanika Mbavu

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, saa nane usiku, Ujerumani nzima huruka saa moja. Saa nane ikifika inaitwa saa tisa, na hakuna anayeuliza ile saa iliyorukwa imekwenda wapi wala nani kaichukua. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya ukutani haina habari. Mtu wa Tanga, ambaye tangu utotoni anajua kwamba jua ndilo linaloiamuru saa, hulala na saa zake kamili na kuamka anadaiwa. Akifika amechelewa kwenye zamu ya Jumapili, anaambiwa kwa upole kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye kalenda. Asiwe na wasiwasi, saa yake itarudishwa Oktoba. Na kweli hurudishwa, bila riba.

Hivyo ndivyo majira ya machipuko yanavyobisha hodi Berlin. Mwenye habari hizi tumwite Mtanga, kwa kuwa huko ndiko alikotoka, na kwa kuwa yaliyomkuta yamewakuta watu wa pwani wengi walioko huku.

Siku ya kwanza jua linapotoka kwa dhati, nyuzi 14 hivi, Lushoto wangekuwa wamevaa masweta na kuota moto. Berlin wanavua. Mikahawa inatoa viti barazani, kila kiti na blanketi lake mgongoni, na watu wanakaa nje wamefumba macho, nyuso juu. Kwenye duka la aiskrimu foleni inapinda kona, na waliomo kwenye foleni wamevaa makoti. Mtanga alipoliona tukio hilo mara ya kwanza alipunguza mwendo kwa heshima. Watu ishirini, wote kimya, wote wameelekea upande mmoja: kwao, watu wakikaa hivyo ama pana msiba ama pana kesi ya shamba.

Ukizijua hesabu zao hucheki tena. Mwezi wa Desemba mchana wa Berlin haufiki saa nane, na hizo zenyewe aghalabu ni za mawingu. Mwezi wa Juni mchana huo huo unakaribia saa kumi na saba. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haitimii hata saa moja. Mtu aliyekaa gizani tangu Novemba halioti jua, analidai. Ndiyo maana mwezi wa Aprili upande wa barabara wenye kivuli huwa mtupu, na Mtanga, aliyefunzwa na mama yake kutembea chini ya miti, anaumiliki peke yake.

Kwa Waislamu hesabu hizi si mchezo. Ramadhani ya 2017 iliangukia mwisho wa Mei mpaka Juni, na Berlin magharibi ilikuwa ikiingia karibu saa tatu na nusu usiku. Tanga wamekwisha kula futari, wamesali tarawehe, wengine wameanza kusinzia. Berlin mtu bado anaitazama tende, na jua nalo linamtazama yeye. Mwezi huo umekuwa ukirudi nyuma kila mwaka, na sasa umefika Februari na Machi, ambako siku ni za kibinadamu. Wakongwe wa 2017 wanaizungumza ile Ramadhani kwa sauti ya watu waliorudi vitani.

Aprili yenyewe haina msimamo. Asubuhi jua, saa sita mvua ya mawe, saa nane jua tena, na jioni kitu kinachofanana sana na theluji. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta Mtanga katika barabara ya Invalidenstraße akakimbilia mlango wa kwanza alioweza kuulipia, ambao ni wa Jumba la Makumbusho ya Viumbe. Ndani akakutana na mwenzake: dinosaria, mjusi wa kale wa Tendaguru, Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyechimbuliwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya wachimbaji na wapagazi wa huko huko kusini. Hakuna Mtanzania aliyekaa Berlin muda mrefu kuliko huyo, na katika miaka yote hiyo hajawahi kutolewa nje kuota jua. Nyumbani wapo wanaotaka arudishwe, na hoja imefika hadi bungeni. Mtanga alimtazama kwa muda, akasema moyoni kwamba ukiwa mkubwa kiasi hicho hata nauli ya kurudi ni tatizo.

Wa pili kukutana naye alikuwa mdogo zaidi. Kwenye rafu ya dukani, kati ya maziwa na magazeti, wakati wa kuelekea Siku ya Mama, kulikuwa na vyungu vya maua madogo ya zambarau, majani yake ya manyoya. Kibao kilisema ni urujuani wa Usambara. Mtanga alisoma mara mbili. Ndiyo, ni Usambara ile ile ya kwao. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliyaona maua hayo huko, akayatuma Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa heshima ya aliyeyatuma. Wasambaa hawakuombwa maoni. Leo yamezagaa kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya na Marekani, na wakati huo huo porini kwao, kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, mengine yako hatarini kutoweka. Mtanga alinunua chungu kimoja kwa euro chache. Alikiweka dirishani penye jua kali, kwa mapenzi. Jirani wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu, alipokiona alikihamisha bila kusema neno akakiweka kivulini. Mzee huyo mtamsikia tena.

Cheri ndizo zinazoileta Berlin nzima barabarani. Kaskazini, karibu na daraja la Bornholmer Straße, ipo njia iliyopandwa cheri za Kijapani pande zote mbili, na mwisho wa Aprili matawi yake hukutana juu ya vichwa vya wapitaji, waridi tupu. Hapo ndipo penyewe ukuta wa Berlin ulipovuja kwanza: usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 walinzi walilemewa na umati wakafungua kizuizi. Baadaye watazamaji wa kituo kimoja cha televisheni cha Japani walichanga fedha wakatoa maelfu ya miti ipandwe Berlin na viunga vyake, kuufurahia muungano wa Wajerumani. Palipokuwa na waya na bunduki sasa pana maharusi wanaopiga picha.

Mtanga alimpigia mama yake amwonyeshe.

"Mashallah," akasema mama. "Na zinazaa lini?"

"Hizi hazizai, mama. Ni za maua tu."

"Hazizai kabisa? Na watu wote hao wamefuata nini?"

Alipoambiwa kwamba maua hukaa wiki moja au mbili kisha yanaanguka, mama alitaka kujua kama serikali ya huko ina habari.

Ndege nao wanarudi, na hili ni jambo ambalo Waafrika wa Berlin wanalifuatilia kwa hisia za kindugu. Korongo weupe walioondoka Agosti wamekaa miezi kadhaa Afrika, wengi wao wakishuka kwa njia ya mashariki inayopita Sudan hadi Kenya, Tanzania na zaidi kusini. Machi na Aprili wanatua kwenye viota vyao juu ya mapaa ya kijiji cha Linum, kaskazini-magharibi ya Berlin, ambako wakubwa kwa watoto wanakwenda kuwatazama kwa darubini. Hawana viza na hakuna anayewauliza.

Si kwamba wamepokewa vizuri siku zote. Zamani wasomi wa Ulaya hawakujua ndege hawa wanakwenda wapi majira ya baridi. Walikuwapo waliodai wanalala chini ya maji. Mwaka 1822, huko Mecklenburg, alionekana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika wa urefu wa sentimita 80 hivi umempita shingoni. Ndege alikuwa amechomwa Afrika, akaruka nao hivyo hivyo maelfu ya kilomita, akavuka jangwa na bahari, akafika salama. Wenyeji wakampiga risasi. Wakamkausha, na yupo hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake shingoni, kama ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba korongo wa Ulaya huhamia Afrika. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya kibali cha kuishi anaisikiliza hadithi hiyo kwa makini sana.

Mwezi wa Mei mambo yanahamia Tempelhof. Huo ulikuwa uwanja wa ndege, ule ule ambao 1948 na 1949 ndege za Wamarekani zilishusha chakula na makaa Berlin Magharibi ilipozingirwa. Ulifungwa Oktoba 2008, na Mei 2010 ukafunguliwa kwa wananchi: zaidi ya hekta 300 katikati ya jiji, njia za kurukia ndege zikiwa hapo hapo. Wenye fedha na wanasiasa walitaka kujenga nyumba pembeni. Mei 2014 wakazi wakapiga kura ya maoni wakakataa, ubaki kama ulivyo. Basi watoto wanajifunza baiskeli pale zilipotua ndege za mizigo, wazee wanarusha tiara, na sehemu ya majani imezungushiwa uzio ili kipozamataza, ndege wadogo wanaotaga chini, wasikanyagiwe mayai. Mageti hufungwa kwa saa zinazobadilika kila mwezi kufuata machweo, na ratiba imebandikwa mlangoni. Nyama inachomwa mahali palipotengwa kuchomea nyama. Ukikosea mita kumi utaambiwa, na atakayekuambia huenda hana cheo chochote. Ni raia tu mwenye kuipenda kanuni.

Dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, muuguzi, ndiye mwenyekiti asiyechaguliwa wa nyama choma za Waswahili pale. Kondoo anatoka bucha la Waturuki la Neukölln, amekatwa vipande vya kiume, akalazwa usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Ugali unakuja umefungwa kwa foili ndani ya hotipoti. Kachumbari anaikata mwenyewe, kwa sababu mara ya mwisho alipomwachia mtu kazi hiyo vitunguu vilikatwa vinene hata vikafaa kujengea.

Safari moja walimwalika Mjerumani wanayefanya naye kazi. Mwaliko ulisema saa nane mchana. Saa nane kamili alifika, na sahani yake, kisu chake na soseji zake mbili, maana kwao kila mtu huja na chake. Hakumkuta mtu. Alitandika shuka akakaa. Saa tisa akapiga simu, akaambiwa, "Tuko njiani kabisa," na anayesema maneno hayo alikuwa bafuni. Saa kumi na dakika kadhaa msafara ukaingia na makapu, shangwe na spika, ukamkuta mgeni amekuwa mwenyeji: amewalindia nafasi, amewafukuza waliotaka kukaa, na amekwisha kula soseji zote mbili kwa njaa. Alipoonja mbavu za yule kondoo alinyamaza muda mrefu. Mwaka uliofuata alialikwa tena saa nane. Alikuja saa tisa na nusu, akiwa na aibu ya mtu anayevunja sheria, na bado alikuwa wa kwanza.

Jua likizidi, watu wanaelekea ziwani, na hapa habari hizi inabidi zishushe sauti kidogo. Kuota jua na kuogelea uchi wa mnyama ni desturi ya Wajerumani ya zaidi ya miaka 100, na enzi za Ujerumani Mashariki ilishamiri sana. Pwani ya ziwa la Teufelssee, katika msitu wa Grunewald, inajulikana kwa hilo. Mtanga hakujulishwa. Wenzake walimwambia "twende ziwani" akaenda, na kofia na taulo na chupa ya soda. Alipofika alitafuta mahali pa kuweka macho akapakosa. Akachagua mbingu. Na hapo ndipo simu ya video ilipoingia kutoka Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mbona naona mawingu matupu?"

"Sijambo, mama. Anga la huku zuri, nikataka ulione."

"Nimeliona. Hebu geuza simu niwaone hao ninaowasikia wakicheka."

"Mtandao mbaya, mama."

"Mawingu mbona nayaona vizuri?"

Alipotaka kuondoka alitupa chupa yake kwenye pipa. Mzee mmoja, akiwa amevaa miwani na hakuna kingine, alinyanyuka kutoka majanini, akaja hadi pale, akaitoa chupa pipani na kumrudishia. Ina amana ya senti 25, akamweleza, airudishe dukani. Mtanga alishukuru huku anatazama mti.

Siku ya Kupaa kwa Bwana, Alhamisi ya siku ya arobaini kuanzia Pasaka, ni sikukuu ya taifa, na pia ndiyo siku ya akina baba. Wanaume wa Berlin na Brandenburg hukodi au kuazima mikokoteni, wakaijaza makasha ya bia, wakaivuta msituni kutwa nzima wakiimba. Mtanga, ambaye baba yake alivuta mkokoteni wa mizigo sokoni Ngamiani akamsomeshea humo, alisimama kando ya njia akawatazama wahandisi na mawakili wakivuta mikokoteni yao kwa raha zao, wakitoka jasho bure. Hilo hajamsimulia baba yake. Hajui angelianzia wapi.

Sasa yule mzee wa ghorofa ya chini. Mzee ana bustani katika moja ya makoloni ya viwanja vidogo vinavyoizunguka Berlin. Jiji lina viwanja kama hivyo takriban 70,000, na mtu husubiri miaka kukipata. Sheria ya Shirikisho ya 1983 inasema kiwanja kisizidi mita za mraba 400, na kibanda kisizidi 24. Ladha yenyewe iko kwenye mboga. Kiwanja hiki kinatozwa kodi nafuu kwa sababu ni cha kulimia, si cha kulalia tu kwenye kiti. Kesi ya jambo hilo ikafika hadi mahakama ya juu ya shirikisho, ambayo mwaka 2004 ilithibitisha kipimo: angalau theluthi moja iwe mboga na matunda. Majaji waliosomea sheria miaka yote hiyo wakakaa wakapima matuta.

Mzee alikuwa na wasiwasi na theluthi yake. Mkewe anapenda waridi, na waridi halihesabiwi. Akampa Mtanga matuta mawili alime anachotaka, mradi kinalika. Mtanga alikuwa na mbegu za mchicha na maboga kutoka nyumbani, na katikati ya Aprili, siku moja yenye jua, akaja na jembe. Mzee akamzuia. Bado watakatifu wa barafu hawajapita. Hao ni watano, sikukuu zao ni tarehe 11 hadi 15 Mei: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius, na wa mwisho Sophie wa baridi. Kabla hawajapita jalidi inaweza kushuka usiku mmoja ikaua kila mche mchanga. Mtanga, Mwislamu wa kuzaliwa, akajikuta anahesabu sikukuu za watakatifu wa Kikristo kwa ajili ya mchicha. Hakuona ajabu sana. Bibi yake Muheza naye alikuwa hapandi kabla ya ndege fulani kulia.

Wakati wa kungoja walikula asparaga. Kuanzia Aprili Berlin haina habari nyingine. Vibanda vinachomoza kando ya barabara, kila mkahawa una menyu ya pili, na ile ya Beelitz, mji ulioko kusini-magharibi ambako imelimwa tangu 1861, inasifiwa kuliko zote. Ni nyeupe kwa sababu hufukiwa ndani ya tuta la udongo isipate mwanga. Hebu fikirini: mji mzima umevua nguo kutafuta jua, kisha unakaa mezani kula mboga iliyonyimwa jua makusudi. Mzee alimletea sahani yake: imemenywa, imechemshwa, na siagi juu, na viazi pembeni. Mtanga alitafuna kwa adabu akingojea ladha ije.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Akachukua asparaga mbichi, akaikata, akaitia kwenye tui la nazi la kopo pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, akaipeleka chini. Mzee alikula, akafuta jasho, akakaa kimya, kisha akauliza kama jambo hilo linaruhusiwa.

Tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohana, uvunaji wa asparaga unakoma, ili mmea upate kuchipuka na kurudisha nguvu za mizizi. Vibanda vinafungwa. Wiki hiyo hiyo mchicha ulikuwa umefika magotini, theluthi imetimia, na jirani wa kiwanja cha pili amekuja kuuliza kwa nini mtu anachuma majani ya boga badala ya kungoja boga. Mtanga aliupika mchicha kwa nazi pale pale kibandani. Mzee alikula sahani mbili. Kisha akatoa daftari, kalamu, na mizani ndogo ya jikoni, akaomba apewe kipimo. Mtanga hajui vipimo, akampigia anayejua.

"Mama, jirani anauliza chumvi gramu ngapi."

"Chumvi kiasi."

Mzee alikuwa ameshika kalamu. "Kiasi ni ngapi?"

"Mwambie aonje."

"Anauliza aonje baada ya dakika ngapi."

"Mwanangu," akasema mama, "huyo mzee hana mke?"

"Anaye, mama. Mizani ni ya mkewe."